Nukta Yenye Mkia

Fundi Mwinshehe alizikwa Jumanne, Temeke, baada ya sala ya adhuhuri, na tuliporudi nyumbani kwake mtu wa kwanza kushika kipaza sauti alikuwa yule aliyemfukuza kazi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikaisikia ile sauti ikipita dirishani kabla sijaambiwa ni ya nani. Sauti za watu wengine huzeeka. Ya Bwana Gervas ilikuwa imenenepa tu. "Marehemu alikuwa mkono wangu wa kulia," akasema. "Klabu yetu ya shabaha ilisimama kwa mikono yake. Alikuwa ndugu yangu." Hapo akanyamaza kidogo, kwa kipimo, kama mtu aliyezoea kupigiwa makofi, na huko nje turubai zima likaguna kwa heshima. Mama mmoja kando yangu akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi nilicheka. Nilicheka puani, chai ikanipalia, ikabidi nipigwepigwe mgongoni na watu wema waliodhani ni kilio.

Habari za wazazi wangu, nilikozaliwa na nilikosoma, naziacha. Hazikuwa na neno katika mambo ya mwaka ule, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba Kiwalani, ambako ndege hupita chini kiasi kwamba tulijifunza kuikata sentensi katikati na kuimalizia zikishapita. Siku za kazi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha Bwana Gervas cha ndoo na mabeseni, Mikocheni. Jumamosi na Jumapili nilipelekwa kwenye klabu aliyokuwa mwenyekiti wake, nikahesabu matundu kwenye karatasi za shabaha na kuandika alama za wanachama. Walitaka nimwite Kamanda, kama walivyomwita wao. Nilidhani aliwahi kuwa jeshini. Baadaye Fundi Mwinshehe aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye bastola aliyokuwa anaisafisha, "Huyu? Hata mgambo hakupita. Cheo hicho kajipa mwenyewe, sie tukaona tumwachie, maana hakituumi."

Klabu yenyewe ilikuwa banda refu la bati nje kidogo ya Kawe, mbele ya machimbo ya mawe yaliyoachwa; ukuta wa machimbo ndio uliomeza risasi. Ndani kulikuwa na makochi ya ngozi bandia yaliyonata migongoni, feni moja iliyolizungusha joto lilelile, na kabati la vioo lenye vikombe vya ushindi. Siku nilipovifuta vumbi nilivisoma: viwili vilikuwa vya mchezo wa vishale, kimoja kilikuwa cha ng'ombe bora wa maonyesho. Hakuna aliyejua kilifikaje pale. Wanachama walikuwa wanaume kumi na mmoja, wote na vitambi, wote na fulana zenye mifuko mingi isiyowekwa kitu. Walifika saa nne asubuhi, wakapiga risasi ishirini ishirini, kisha wakakaa kwenye supu ya kongoro na chapati mpaka alasiri, wakizungumzia vifaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita na sahani, na mtu anayepita na sahani husikia yote. Nilijua nani ameagiza kishikio cha mbao ya Italia na nani viatu maalumu vya kusimamia. Nilijua pia, maana nilihesabu mimi, kwamba kati ya risasi ishirini za Kamanda sita au saba hazikugusa karatasi kabisa. Niliandika "nje." Alikuwa akiichukua kalamu yangu na kuandika "hitilafu."

Mwaka ule gumzo lilikuwa moja tu: redi doti. Kwa asiyejua, bastola ya kawaida hulengwa kwa vyuma viwili vidogo, kimoja nyuma na kimoja kwenye ncha ya mtutu, nawe unavipanga mstari mmoja na shabaha. Redi doti ni kilengeo cha kioo kinachofungwa juu ya bastola. Ukichungulia unaona nukta nyekundu ya mwanga, na penye nukta ndipo risasi itakwenda. Basi. Ni kifaa cha kurahisisha kazi, na sijaona watu waliokifanya kigumu kama wale. Miezi mitatu walibishana. Nukta ndogo ni ya mabingwa, alisema mmoja ambaye hakuwahi kupiga duara la kati. Nukta kubwa hufunika shabaha, akasema mwingine, akachora duara kwa supu juu ya meza. Kilengeo cha bomba refu au cha kioo wazi? Betri ya saa au ya tochi? Wakili, mwanachama aliyekuwa katibu na aliyekubaliana na Kamanda kabla Kamanda hajamaliza kusema, aliandika yote hayo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko mzuri ajabu. Siku moja nilimuuliza Fundi yeye angechagua ipi. Alifikiri kwanza, jambo ambalo lilikuwa geni katika banda lile. "Nukta ndogo inakuonyesha kila unavyotetemeka," akasema. "Ukiitazama sana unaanza kuuogopa mkono wako mwenyewe. Chukua ya kati. Chukua kilengeo chepesi, maana bastola yenyewe nyepesi, usiibebeshe jiwe kichwani. Halafu acha kukizungumzia, kipige."

Fundi alikuwa mtu mfupi wa Temeke, mwenyeji wa mji huu kabla mji haujawa mji. Alianza maisha kwa kutengeneza vyerehani, akahamia bastola za klabu kwa kibali chake, na alisema hakuona tofauti, kwani vyote vinataka mafuta kidogo na mtu asiye na haraka. Ndiye aliyenifundisha. Mwaliko ulikuja kutoka klabu ya nchi jirani, wa mashindano ya bastola ndogo, na sharti lao lilikuwa kila timu ije na mwanamke. Wake za wanachama walijaribiwa. Wa kwanza alipiga risasi moja, akaiweka bastola mezani kwa vidole viwili kama mtu anayemshika panya mkia, akaondoka. Fundi akaniita kutoka kwenye karatasi zangu. "Binti, wewe unayehesabu matundu ya wenzio, njoo utoboe ya kwako." Nilitoboa. Jioni zote za Jumapili, wakubwa wakiwa wamelala kwenye makochi, yeye alisimama kando yangu akisema maneno matatu tu: pumua, subiri, bonyeza. Ndani ya wiki chache nilikuwa nawashinda wote kumi na mmoja kwa vyuma vile vya kawaida. Kamanda alitangaza kwamba amegundua kipaji.

Picha ya pasipoti yangu ilikuwa imeshapigwa. Nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wowote wakati ule. Nilikuwa sijapanda hata ndege moja kati ya zile zilizonikatiza maneno kila siku. Nilinunua begi. Majirani wa Kiwalani walikuwa wanaliita jina la ile nchi kila nilipopita na ndoo ya maji, nami nilijifanya nakereka.

Wakili alirudi kutoka safari ya nje na vilengeo viwili vya majaribio, tuchague kimoja. Kimoja kilikuwa bomba refu, zito, jeusi la kung'aa, lenye kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza mwanga wa nukta. Cha pili kilikuwa kioo kidogo cha wazi, kama kidirisha kilichosimama juu ya bastola, hakina uzito wa kuusema. Fundi akakifunga kile kidogo, akakaza skrubu polepole, akanipa. Jua la saa tano lilikuwa jeupe juu ya machimbo. Nilichungulia na kuona nukta: duara, nyekundu, safi, imetulia kama punje ya mtama mwekundu kwenye karatasi. Nikapiga kumi. Fundi alikwenda mwenyewe kuleta karatasi, akaiweka mezani mbele ya Kamanda. Matundu kumi yote yangefunikwa na kifuniko cha soda.

Hapo ingeishia kama wale wangekuwa watu. Lakini Kamanda alisimama, akavuta suruali juu, akasema naye atazame. Fundi akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akahakikisha bastola ni tupu, akampa. Kamanda akafumba jicho la kushoto. Akakunja uso. "Nukta imechanika," akasema. "Ina mkia." Akatazama tena. "Imepasuka kama nyanya. Kifaa kibovu hiki." Akampa Wakili. Wakili akachungulia sekunde moja. "Kweli, Kamanda. Mkia mkubwa." Bastola ikapita mkono hadi mkono, na nikiapa leo nitaapa vilevile: wale wanaume, mmoja baada ya mwingine, wenye kampuni na magari na watoto vyuoni, waliuona mkia. Mmoja alisema una rangi mbili.

Fundi akaipokea bastola. Alizungumza kwa adabu kabisa. Nalikumbuka hilo kuliko yote. "Mzee, kioo hiki kizima. Ni jicho. Kioo cha jicho la mtu kikipinda kidogo tu, nukta ya mwanga inaota mkia. Wengi wako hivyo, si ugonjwa wa aibu. Kujua ni rahisi: ilenge ukutani, halafu ilaze bastola ubavu. Mkia ukilala pamoja na bastola, kibovu ni kifaa. Mkia ukibaki palepale ulipokuwa, basi ni jicho." Akamnyooshea.

Kitu chenyewe kilikuwa cha sekunde tatu, kugeuza kifundo cha mkono tu. Kamanda hakunyoosha mkono. Uso wake uliiva kuanzia shingoni. "Unaniambia mimi ni kipofu?"

"Sijasema hivyo, mzee. Nasema laza tu bastola."

"Wewe umekaza skrubu mpaka ukapasua kioo, sasa unasingizia macho ya watu." Akawageukia wengine. "Si mmeona alivyokuwa anakaza?" Wakaona. Bila shaka waliona. Walikuwa na macho yanayoona kila kilichotakiwa. Kisha akanigeukia mimi. "Yusta. Wewe ndiye utakayepiga. Umeona nini?"

Nimewadharau watu wale kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeufurahia ufundi wa kuwadharau, nikiwasimulia kazini na kwenye harusi, nikiiga sauti zao mpaka watu wanashika mbavu. Katika masimulizi yale hadithi huishia Wakili anaposema "mkia mkubwa." Sijawahi kusimulia kilichofuata. Karatasi yangu ilikuwa bado mezani, matundu kumi mahali pamoja, ushahidi ambao hata mtoto angeusoma. Fundi alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayejua jibu. Nikafikiria begi langu. Nikafikiria stoo ya Mikocheni. Nikasema, "Kama ina kamkia kidogo."

Sikusema hata uongo mzima. Nilikata kipande kinachotosha.

Fundi hakunikaripia. Alikifungua kile kilengeo, skrubu moja baada ya nyingine, akakipangusa kioo kwa kitambaa chake, akakirudisha kwenye boksi. Aliosha mikono kwenye karai, akavaa shati lake la kutembelea, akawaambia wazee kwaherini. Aliponipita alisema, "Haya, binti," kwa sauti ya kawaida kabisa, na mpaka leo sijui neno hilo lilikuwa na nini ndani yake. Wiki iliyofuata Wakili aliandika kwenye kumbukumbu kwamba fundi ameondolewa kwa kuharibu kifaa cha klabu. Barua ya kumwondoa nilimpigia chapa Wakili mimi mwenyewe, ofisini Mikocheni, na nilisahihisha kosa lake moja la tahajia.

Tukaenda na bomba. Bila Fundi, Kamanda alilifunga mwenyewe, na akagundua kwamba akipunguza sana mwanga wa nukta ule mkia unapungua. Badala ya kujiuliza kwa nini, aliupunguza mpaka nukta ikawa dhaifu kama kaa la kiberiti kilichozimwa, kisha akakizungushia kile kitufe utepe mweusi kusudi mtu yeyote asikichezee. "Huu ndio mwanga sahihi," akasema. Kwa hiyo nilivuka mpaka wa kwanza wa maisha yangu nikiwa na bastola iliyowekwa kwa jicho la mtu mwingine. Siku ya mashindano jua lilikuwa kali, uwanja mweupe wa changarawe. Nilinyoosha mkono, nikachungulia, na nukta haikuwepo. Ilikuwepo kwa kuikisia tu, kama jina unalolijua ukashindwa kulitaja. Lile bomba lilikuwa linauvuta mkono wangu chini. Risasi ya kwanza sikujua ilikokwenda. Baada ya ya tano niliishusha bastola, nikaweka ukucha kwenye ncha ya utepe. Kazi ya kuubandua ilikuwa ndogo kuliko kumenya ndizi. Nikageuka nyuma. Kamanda alikuwa amekaa chini ya mwavuli na koti lake lenye nembo, akanikazia macho, akatikisa kichwa mara moja. Nikauachia. Nikapiga zilizobaki gizani, saa sita mchana, mbele ya watu. Wasichana wa nchi nyingine, waliokuwa na vilengeo vidogo vya wazi, walinitazama kwa huruma. Kati ya wanawake tisa nilikuwa wa nane.

Usiku huo hawakusema nami. Kesho yake, kwenye basi la kurudi, walidhani nimelala. Kamanda alimwambia Wakili, kwa sauti ya mtu aliyesamehe: "Unajua, tatizo halikuwa kilengeo. Tatizo ni jicho la mpigaji." Wakili akasema, "Kabisa."

Niliacha klabu mwezi huohuo na kiwanda kabla ya mwaka kuisha. Leo nafundisha sekondari, Kiwalani ileile, na ndege zilezile hunikatiza mbele ya darasa. Fundi alirudi kwenye vyerehani. Najua, maana miaka michache baadaye nilimwona Temeke, amekaa kwenye stuli mbele ya duka la vitambaa, kichwa kimeinama juu ya mashine, miwani puani. Hakuniona. Nikavuka barabara, nikapita upande wa pili. Nilijiambia nina haraka. Nilikuwa naenda kununua vitunguu.

Basi Jumanne hiyo, hotuba ilipokwisha, nilitoka nje na maneno yangu tayari. Bwana Gervas alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha gari lake, mlango wazi, miguu chini, sahani ya pilau mapajani. Ana miaka karibu themanini. Miwani yake ni minene kama kitako cha chupa.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yusta. Wa klabu."

"Yusta! Mpigaji wangu." Akafurahi kweli, na hilo likaniudhi zaidi. "Karibu, karibu. Tumempoteza mtu."

"Umesema alikuwa ndugu yako. Ulimfukuza kwa kosa ambalo halikuwepo. Kile kilengeo kilikuwa kizima. Lilikuwa jicho lako."

Akamaliza kutafuna. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kukana, kwa kusahau kwa uzee. "Najua," akasema. "Tuliporudi safari ile nilianza kuumwa kichwa, nikaenda kwa daktari wa macho. Akaniambia jicho la kulia limepinda tangu utotoni. Akanionyesha taa ndogo, nikaiona na mkia. Vilevile."

"Mwaka uleule?"

"Mwaka uleule."

"Na hukumwita Fundi?"

"Nimwite nimwambie nini?" Alisema bila haya, kama anauliza bei. "Mwenyekiti aende Temeke kwa fundi cherehani kusema samahani, jicho langu bovu? Wangenicheka mpaka leo." Akachota wali. Kisha akainua uso, ile miwani ikanielekea. "Lakini tusiongopeane msibani, binti. Mimi siku ile nilisema nilichokiona. Mkia niliuona kweli. Wewe uliona nini?"

Mtu yule hajawahi kusema jambo lolote la maana katika maisha yake yote, nami nilikuwa shahidi wa sehemu kubwa ya maisha hayo. Alilazimika kusema moja, akanichagulia mimi. Nilisimama pale nikitafuta dharau yangu, ambayo haijawahi kuniangusha, na ilikuwepo, yote, ila sikujua tena niielekeze wapi.

Nikarudi ndani. Binti mkubwa wa Fundi, Mwanaidi, alikuwa uani anapakua wali kwenye sinia na sahani, wanawake wamepanga foleni. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Nikapanga foleni kama wengine, sikujua nifanye nini kingine, na zamu yangu ilipofika nikasema, kwa haraka kwa sababu nilijua nikipumua sitasema: "Dada, pole. Baba yako hakuharibu kile kifaa cha klabu. Kilikuwa kizima. Nilijua ni kizima, nikasema kibovu, ndiyo wakamwondoa. Ni mimi. Naitwa Yusta."

Mwanaidi alishika upawa hewani. Alinitazama usoni, kisha mikono yangu, kisha usoni tena, bila hasira, kwa umakini wa mtu anayelinganisha kitu na maelezo aliyowahi kupewa.

"Kwa hiyo wewe ndiyo Yusta," akasema.

Akapakua sahani iliyofuata, akampa mama aliyekuwa nyuma yangu.